Misemo Aliyoiacha Mishi

Buruburu, Nairobi

Mdogo wangu Mwanasiti,

Salamu hizi zikukute umekaa, si umesimama na sufuria mkononi kama ilivyo tabia yako. Kaa chini. Mwambie mkwe wako asome polepole, na akifika mahali pa kulia asiruke. Hujambo? Goti je? Nilikuambia ulikande kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, na najua hukufanya, kwa hivyo sikuulizi mara ya pili. Mbuzi wangu amezaa? Akizaa pacha, mmoja ni wa mkwe wako kwa kazi hii ya kunisomea. Na kisima, kina maji? Hilo la maji liweke akilini, nitalirudia.

Mimi ni mzima. Nakula, nasema sana, nalala kidogo.

Utauliza kwa nini karatasi, na simu tunazo. Mwanasiti, nimeogopa simu. Siku hizi umenipigia nikaiacha ilie mpaka ikachoka yenyewe. Si kiburi. Sauti isiyo na mtu siitaki kwa sasa, hata ikiwa ni yako. Ukifika katikati ya barua utanielewa. Kalamu si yangu, wajua mimi shule niliiona kwa nje nikipita na mzigo wa kuni. Anayeandika ni Mama Ciru, fundi wa nguo wa mlango wa pili. Ni mtu wa Murang'a, Kiswahili chake kina mawe mawe kama mchele wa duka, lakini mwandiko wake ni safi na moyo wake ni safi zaidi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Sasa ananicheka. Andika na hilo, Mama Ciru.

Mimi na mjukuu wetu Rukia tunakaa chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyestaafu serikalini. Vyumba hivi viliongezwa baadaye ili vipangishwe, ndiyo maana mlango wetu unatazama ukuta. Juu ya ukuta pana vipande vya chupa, na juu ya chupa pana mbingu kidogo. Mbele kuna kitanda cha Rukia, kisha pazia, na nyuma ya pazia ni kitanda changu na jiko. Ukipiga chafya upande huu, upande ule wanakuombea afya. Vijana wa mtaa wakiniona hunisalimu na kuniita bibi kwa lugha yao, "Niaje, shosh!" Mimi hujibu "Marahaba," maana salamu yao sijui nitaishika wapi, nao hucheka wakanibebea mtungi wa maji hadi mlangoni. Si watoto wabaya. Wamekosa tu mtu wa kuwagombeza.

Rukia wetu amekonda. Nakuambia wazi kwa sababu kwenye simu yeye hukuficha hilo. Kila alfajiri huenda Industrial Area kusimama nje ya lango la kiwanda cha sabuni, yeye na umati. Msimamizi hutoka akanyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe pale. Asiyenyooshewa hurudi nyumbani. Akirudi mapema mimi simwulizi kitu, namwekea chai. Akirudi jioni mikono yake imechubuka kwa magadi na bado nashukuru. Hayo ndiyo maisha ya mtoto aliyemaliza kidato cha nne kwa alama nzuri, tukachinja jogoo.

Sasa ikatokea kazi nyingine. Kuna watu mjini wanaajiri vijana wa kupokea simu za wateja wa ng'ambo. Mtu huko Ulaya blanketi lake likifika na tundu, anapiga simu, na anayemjibu ni mtoto wa hapa, amekaa kitini, amevaa kitu masikioni, hasimami langoni kwa mtu. Rukia akaenda kujaribiwa. Wakamkataa. Walimwambia Kiingereza chake hakina kosa, ila anasikika kama mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa ukutani, na mwishoni alikuwa kama ameondoka akaacha mdomo. Wateja wanataka mtu anayeongea kama wao. Lakini wakampa ruhusa arudi mara moja zaidi. Mara moja, Mwanasiti. Akikosa hapo, ni lango la sabuni mpaka mgongo ukatike.

Nikamwuliza, hao wenyewe wanaongea vipi basi? Akaniambia wana misemo. Na misemo hiyo, dada, ni ya ajabu. Wenye Kiingereza hawasemi kitu chenyewe. Kitu kikiwa ghali wanasema kimewagharimu mkono na mguu. Mtu akiugua kidogo, yuko chini ya hali ya hewa. Nikamwambia sote tuko chini ya hali ya hewa, nani yuko juu yake? Kazi ikiwa rahisi ni kipande cha keki. Nikamwuliza, huyo aliyesema hivyo amewahi kupika keki?

Alihitaji mtu wa kufanya naye mazoezi, na mtu aliyekuwepo ni mimi. Basi jioni anakaa kitandani, mimi nakaa kwenye kigoda nyuma ya pazia ili asinione, eti niwe mteja wa ng'ambo.

"Haya Bibi, piga simu ukasirike."

Kukasirika ninajua. Nikaanza, "Wewe mtoto! Blanketi langu limekuja na tundu, nimeliona mchana kweupe, na mume wangu ni mgonjwa, atajifunika nini?"

Akanimwagia Kiingereza, laini kama uji wa mtoto. Nikamwuliza, "Umeniambiaje?"

"Nimekuambia tuko mashua moja."

"Mimi na wewe? Mimi nataka blanketi, wewe unanipandisha mashua!"

Rukia alicheka mpaka akaanguka chali. Na hapo, Mwanasiti, ndipo niliposhtuka kwa mara ya kwanza. Kicheko kile hakikuwa chake. Rukia tangu utotoni hucheka ndani kwa ndani, kama anaiba. Hiki kilianza juu, kikakatika katikati, kikavuta pumzi, kikaendelea. Nani alikuwa akicheka hivyo nyumbani kwetu? Usinijibu. Unamjua.

Misemo yote hiyo anaitoa kwa Mishi.

Hukulijua hilo, na mimi sikulijua mpaka nilipokuja kukaa hapa. Mishi wangu alipokuwa Uarabuni akilea watoto wa watu, mwenye nyumba alikuwa mzungu, na watoto wale walikuwa wakiongea Kiingereza chenye misemo tangu asubuhi. Mishi akawa anaiokota. Kila akiokota mmoja anaingia stoo walikokuwa wakianika nguo, anamtumia mwanawe kwa simu, kwa sauti. "Rukia mamangu, leo shika huu." Anausema kwa Kiingereza. Anaueleza kwa Kiswahili. Kisha anasema, "Haya, sema," na ananyamaza. Anaacha nafasi ili mtoto aseme. Halafu anasema, "Vizuri! Tena." Ananyamaza tena. "Vizuri! Umeweza."

Rukia amezitunza sauti hizo zote kwenye simu. Ndizo anazofanyia mazoezi.

Sasa fikiria, dada. Mimi niko nyuma ya pazia nachambua mchele. Upande wa pili mwanangu, ambaye tulimfukia mbele ya macho yetu, anasema, "Haya, sema." Kimya. Mjukuu wangu anasema. "Vizuri! Tena." Kimya. Anasema tena, na anasema kwa sauti ile ile, kwa kupanda na kushuka kule kule, mpaka sijui nani ametangulia na nani amefuata. Aliye chini ya udongo anamsifu aliye hai kwa jibu ambalo hakulisikia. Mchele niliuchambua mara nyingi mno kuliko unavyohitaji mchele.

Sikumkataza. Ningemkataza vipi? Ndiyo shule yake na ndiye mama yake.

Wajua mama yetu alivyotufunza. Ukiitwa jua linapozama na humwoni anayekuita, usiitike. Toka nje utazame kwanza. Akiwa mtu, atakuita tena. Ukiitika kabla ya kuona, umempa njia. Miaka yote hii nimelishika hilo. Hata wewe ulikuwa ukiniita kutoka kisimani unakasirika kwamba siitiki, kumbe nakutafuta kwa macho.

Siku moja jua linazama, muadhini ameshamaliza, kanisa la nyuma wameanza nyimbo zao, mimi naosha vyombo. Nikasikia, "Mama! Mama wee!"

Nikaitika, "Labeka, mwanangu!"

Nimeitika kabla ya kufikiri, Mwanasiti. Mikono majini, uso kwenye ukuta, na furaha. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Si hofu, ilikuwa furaha. Kama mtu aliyekuwa akisubiri siku zote na sasa ameitwa.

Pazia likafunguka. Rukia amesimama na simu mkononi, uso umemwisha damu. Ilikuwa sauti ya simu. Mishi siku hiyo alikuwa akimsimulia mwanawe jinsi alivyokuwa akiniita zamani akirudi kutoka skuli, akaigiza vile vile alivyokuwa akiita. Basi. Hakuna jini. Lakini nilikuwa nimeshaitika.

"Bibi," Rukia akasema, "kumbe na wewe."

"Na mimi nini?"

"Na wewe hujaamini."

Nikaendelea kuosha sahani ambayo ilikuwa safi. Naye akakaa chini pale sakafuni, akaniambia kitu ambacho hajamwambia mtu. Akimaliza mazoezi hujirekodi akisema msemo wa siku hiyo na kumtumia mama yake kwenye ile namba ya zamani. Kila siku. Akanionyesha. Mimi kusoma sijui, lakini alama naziona: maneno yakifika huwa na alama mbili, yasipofika ni moja. Alama moja, moja, moja, zimeshuka kama nyayo za ndege kwenye mchanga. Akaniambia, "Labda siku moja itageuka."

Tangu jioni hiyo nyumba ikabadilika. Nikawa nasikia naitwa hata simu ikiwa imezimwa. Nikiwa sokoni, nikiwa chooni, nikiwa nimesujudu. Naamka nakuta nimefungua mlango. Chakula nikakipakua nikakuta nimepakua sahani tatu, na Rukia ameziona tatu, ameifunika ya tatu tu akaiweka kando, kesho yake tukaila ikiwa baridi. Yeye naye akazidi. Akawa ananiita "Mama" badala ya "Bibi" bila kujisikia. Akaanza kufunga leso kwa ubavu wa kushoto, kama Mishi. Mama Ciru alikuja kuomba chumvi akatusikiliza kidogo, akaniambia nje, akiniita bibi kwa lugha ya kwao, "Cucu, huyo msichana anaongea na nani huko ndani? Mnanishtua." Hapa Mama Ciru anatikisa kichwa, anasema ni kweli kabisa, alishtuka.

Sasa nije kwako, maana na wewe umo humu. Rukia aliniambia ulimwambia kwa simu kwamba sanduku lililomleta mama yake lilikuwa jepesi. Kwamba wanaume waliolibeba walisema ni jepesi. Kwamba mlango wako wa uani huukomei usiku, huwezi jua. Mwanasiti! Sikugombezi kwa ubaya, nakupenda kuliko macho yangu, lakini mtoto huyu amesimamisha maisha yake juu ya maneno yako hayo.

Nami nitasema ambalo sisi wawili hatujawahi kulisema. Siku ile ya maziko tulikuwa tayari. Maji uliyapasha wewe mwenyewe. Majani ya mkunazi niliyatia mimi, na kafuri nilisaga, na sanda nikaikata kwa kipimo cha kichwani mwangu kwa sababu nilimjua urefu wake. Wanawake wa kuosha walikuwa wamekunja mikono ya nguo. Gari likaja na sanduku limepigwa misumari, na makaratasi yanasema lisifunguliwe, na wazee wakasema basi, lisifunguliwe. Wale wanawake wakashusha mikono ya nguo wakaenda nyumbani na viganja vikavu. Maji yakapoa. Tulimzika mtoto ambaye hatukumgusa. Ndiyo maana wewe hukomei mlango, na mimi naitika, na Rukia anatuma. Sote watatu tunasubiri, na kila mmoja anamficha mwenzake.

Ilikuwa siku ya mapumziko, mchana, jua kali. Rukia akafungua msemo mwingine wa Mishi. Nilikuwa karibu, nikausikia wote. Mishi alisema, "Leo mamangu, tembo. Hawa watu wakiwa na jambo kubwa, wote wanalijua na hakuna anayelisema, wanasema kuna tembo chumbani." Kisha akacheka kile kicheko chake. "Hawajamwona tembo hawa. Wangemwona, wangekaa naye wanakunywa chai? Mwulize bibi yako tembo anakaliwaje." Halafu akasema, "Haya, sema."

Kimya.

Rukia hakusema. Aliinamisha kichwa. Kile kimya kikapita, Mishi akasema, "Vizuri! Tena." Kimya cha pili nacho Rukia hakukijaza.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Wewe na mimi tumezaliwa chini ya msitu wa Shimba, hatuhitaji kufunzwa habari za tembo. Akiingia shambani, anayemwona kwanza hakai na siri. Anapiga debe. Hata kama mna ugomvi na jirani, hata kama uko uchi, unapiga debe na kupiga kelele, na mwenzako anapokea na debe lake, mpaka kijiji kizima kinalia, mpaka mnyama anageuka. Aliyemwona akanyamaza ndiye aliyekuwa akiitwa kwa wazee, si tembo. Nikachukua sufuria kubwa na upawa wa chuma nikaanza kupiga. Nilipiga, Mwanasiti! Nilipiga kama siku ile walipoingia kwenye mahindi ya marehemu baba.

"Bibi! Bibi, unafanya nini?"

"Piga na wewe!"

"Watu watasema nini?"

"Waseme! Chukua kifuniko, piga!"

Mama Ciru akaja mbio, tepu ya kupimia shingoni, pini mdomoni. "Nini? Moto? Mwizi?"

"Tembo," nikamwambia.

Akatazama chini ya kitanda. Wallahi alitazama. Sasa anakataa kuliandika hili, lakini nimemsimamia juu ya karatasi.

Rukia akachukua kifuniko. Akapiga mara ya kwanza kwa aibu, ya pili kwa nguvu, halafu akawa anapiga na kulia. Mzee mwenye nyumba akatoka uani akatutazama, akarudi ndani akafunga dirisha. Nikapiga kelele juu ya ile kelele, nikasema, "Mishi amekufa! Mishi mwanangu amekufa!" Sijawahi kulisema neno hilo kwa sauti. Kwenye matanga tulisema ametangulia, tulisema amepumzika. Na sisi tuna misemo yetu, usidhani ni wazungu tu.

Rukia akaacha kupiga. "Uliuona uso wake?"

"Sikuuona."

"Basi umejuaje?" Alinipigia kelele, mimi bibi yake, na nilifurahi kwa sababu ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Sanduku lilikuwa jepesi! Umejuaje?"

Nikaweka sufuria chini. Nikamwambia, "Mama yako alikuwa mwepesi tangu kuzaliwa. Nilikuwa nikimbeba mgongoni nalima, nikasahau kama nimembeba. Na nimejua kwa sababu amenyamaza. Mishi hakuwahi kunyamaza, hata usingizini alikuwa akisimulia. Ilibidi ajifiche kwenye stoo ya watu, achoke vile alivyochoka, ndipo akutumie neno moja la Kiingereza. Unadhani angekuwa mzima popote chini ya jua angekuona unatuma kila siku asikujibu? Angekujibu kwa kupiga ukuta kwa kichwa."

Mama Ciru alitoa pini mdomoni, akakaa mlangoni, akavua viatu. Kwao wakati wa msiba mtu huketi tu. Rukia akaniwekea kichwa kwenye mapaja. Alilia mpaka jua likahama ukutani. Mimi nililia naye, sikuona aibu, na sahani jioni ile tulipakua mbili. Tatu, maana Mama Ciru alikula.

Basi siku ya kwenda kujaribiwa ikafika. Nilimpaka mafuta miguuni kama mtoto. Sikukaa, nilizunguka uani mpaka mzee mwenye nyumba akaniletea kiti. Aliporudi aliketi akavua viatu, nami nikajua nisimwulize nikamwekea chai. Baadaye ndipo akasimulia.

Kumbe mara ya kwanza walimwuliza nani alimfunza Kiingereza hiki, naye akajibu kuwa ni mama yake, yuko kazini ng'ambo. Na tangu aliposema hivyo, misemo ikaanza kumtoka yenyewe, mmoja juu ya mwingine, kwa sauti ya Mishi, hata kicheko, akawa kama amekaa pembeni anamsikiliza mtu mwingine akitumia mdomo wake. Hakuwahi kuniambia. Alikuwa akiogopa kuwa amerukwa na akili.

Safari hii walimwuliza lile lile. Akasema, "Mama yangu. Alikufa." Hakutafuta msemo wa kulifunika. Yule mama aliyekuwa akimhoji akasema "pole," kwa Kiswahili. Baada ya hapo wakaongea tu. Anasema misemo ilikuja michache, ilipohitajika, na ilikuja kwa sauti ambayo ni yake. Mmoja aliukosea, wakacheka wote.

Wamemchukua. Anaanza mwezi ujao. Usiwaambie wa duka la chini, wataleta maneno.

Jioni ile nilimwomba kitu. Nikamwambia, nifungulie mama yako mara moja tu, wowote ule wenye nafasi. Akafungua. Sikujali msemo gani. Nilingoja Mishi aseme, "Haya, sema," na aliponyamaza nikaingia hapo. Nikamwambia, "Mishi, maziwa yangu uliyonyonya ni halali yako. Radhi zangu unazo zote. Sikukuosha, mwanangu, walinizuia. Usiniite tena, nenda."

Akasema, "Vizuri!"

Rukia akazima kabla hajasema "Tena."

Sauti zile hajazifuta, na sitamwambia azifute. Ila kwenye namba ile hatumi kitu tena. Nami sijaitwa tangu hapo. Kuna wakati jua likizama nasimamisha mikono majini, nasikiliza. Ni kanisa tu, na watoto, na makondakta wanaoita abiria kule Jogoo Road. Sijui kama nimefurahi. Sikudanganyi, dada, siku nyingine nasikiliza kwa kutaka.

Nisalimie mkwe wako anayesoma hapa kwa sauti nzuri, mwambie mama asiye wake amemshukuru. Nisalimie mwanao mkubwa aliyebeba sanduku, na umwambie uzito wa mtu haupimwi begani. Nisalimie bibi wa kuosha maiti, yule mwenye jicho moja, mwambie sikumsahau alivyonishika mkono akiondoka. Nisalimie muuza nazi wa njia panda, mwambie nazi za huku ni vifuu vitupu. Rukia anakushika miguu. Mama Ciru anakusalimu ingawa hakujui, anasema akija Mombasa atakushonea gauni.

Alikuwa ameshakunja karatasi, nimemwambia aifungue, maana la maji sikulisema.

Mwanasiti, usiku komea mlango wako. Halafu, siku utakayokuwa na nguvu, chota maji kisimani. Yatie majani ya mkunazi, yule mkunazi bado upo. Nenda kaburini na wanawake wale wale kama watakubali, na wakunje mikono ya nguo. Myamimine juu ya kaburi taratibu, mwanzie kichwani, upande wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka miguuni, kama mtu anavyooshwa. Mtajeni jina. Mimi siko, basi mkono wako uwe wangu.

Na uyapashe moto kidogo kwanza. Wamjua, maji baridi hakuyaweza.

Ni mimi dada yako,
Mwanakombo